Kipande cha Juu, Kitisuru

Nianze kwa kukuambia kwamba sikuwa nimelala, sikuwa na homa, na tangu nizaliwe sijawahi kuonja pombe. Nasema mapema kwa sababu kila niliyemsimulia habari hii amenitafutia mojawapo ya hizo tatu. Shemeji yangu wa Malindi alifikia kuniuliza kama nilikuwa nimetafuna miraa. Sikutafuna. Nilikuwa nimekula ugali na nyama choma ya Kenyatta Market, na nyama ile haijawahi kumwonyesha mtu chochote isipokuwa usingizi.

Halafu wenye visa vya namna hii hupenda kuviweka usiku wa manane. Changu kilinipata jioni, magharibi haijaadhiniwa, kwenye boma la mzee anayelima sukuma wiki, na rafiki yangu yuko chini anaongea kwenye simu habari za keki. Ingekuwa usiku wa manane ningekuwa nimejiandaa. Nani hujiandaa jioni?

Ilikuwa ile miaka ya elfu mbili na kitu, simu za mkononi zimeanza kuingia mfukoni mwa kila mtu na makampuni yanasimamisha minara kila kilima. Minara yangu mimi ilikuwa midogo. Nilikuwa nafunga na kutunza minara ya watu wa redio za ridhaa. Kama huwajui, ni watu wanaokaa na redio zao chumbani wakizungumza na wageni wa Brazili na Japani wasiowafahamu, hawalipwi kitu, ni mapenzi tu. Nairobi hawakuwa wengi, na walikuwa wamejificha kwenye miti ya upande wa magharibi, Lavington, Loresho, Kitisuru. Ukiona antena kubwa yenye mikono mirefu juu ya mnara mwembamba nyuma ya nyumba ya mtu, ujue ni mmoja wao.

Kazi hiyo nilikuwa naifanya na Ndung'u, kijana wa Kangemi, mnene kidogo, mwenye maneno mengi. Yeye aliniita Mombasa. Nilimwambia mara nyingi kwamba kwetu ni Malindi, akanijibu kwamba kwa mtu wa Kangemi hiyo ni Mombasa tu. Tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka mingi, na sina ndugu wa tumbo moja niliyempenda kumshinda yeye. Jumamosi ya wiki hiyo ninayoizungumza alikuwa anafunga ndoa kanisani.

Mama yake alinipigia simu siku chache kabla. Hakuniamkua sana. Alisema, "Wewe ni mtu wa dini, nakuamini. Huyu asipande juu mpaka Jumamosi ipite. Akae chini ashike kamba. Nirudishie bwana harusi akiwa mzima." Nikamwahidi. Kwa mama wa mtu huahidi hivi hivi, unaahidi na moyo wako wote unatia saini. Kwa hiyo wiki hiyo mimi nilikuwa wa juu na Ndung'u wa chini, na alinuna kama mtoto aliyenyimwa baiskeli.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana kisa chote kimeshikiliwa na jambo hili moja.

Mnara wa aina ile hausimamishwi kwa mara moja. Ni vipande vya chuma vya pembe tatu, kila kimoja kirefu kupita mtu, vinavyopachikwa kimoja juu ya kingine na kufungwa bolti pale vinapokutana. Hapo ndipo tunapopaita kiungo. Ukitaka kutoa kipande cha juu, unasimama chini yake, unafunga kulabu ya mkanda wako wa usalama kwenye kipande kinachobaki, halafu ndipo unagusa bolti. Ukikosea ukaifunga kulabu kwenye kipande kile kile unachokitoa, kikiondoka mnaondoka wote. Utaniuliza ni mjinga gani anayeweza kufanya hivyo. Si mjinga. Anayejifunza kazi hakosei, kwa sababu anaogopa na anatazama. Anayekosea ni mzoefu ambaye mikono yake imeshazoea kufanya mambo bila kumuuliza.

Ndiyo maana tulikuwa na desturi yetu, niliyoikuta kwa fundi aliyenifunza. Kabla ya bolti yoyote kulegezwa, mwenzako anakuuliza, "Mkanda?" Wewe unaipiga kulabu yako kofi, chuma kilie, ndipo unajibu, "Chini," yaani chini ya kiungo. Ukijibu kwa mdomo bila kugusa, hujajibu. Ndung'u na utani wake wote, kwenye hilo hakuwa na mchezo. Alikuwa anaipiga kulabu yake kwa nguvu mpaka nikawa namwambia ataivunja.

Na ya pili ni kamba. Aliye chini na aliye juu wameunganishwa na kamba ya kazi inayopita kwenye kapi, kile kigurudumu kinachofungwa juu. Kukiwa na kelele hamsikizani, basi mnavutana kamba. Mzee mmoja wa redio alitufundisha herufi zile za kizamani za simu ya upepo, za ndefu na fupi, na Ndung'u akaipenda N, ya mwanzo wa jina lake. Ndefu moja, fupi moja. Akikaa chini muda mrefu bila kazi, ananivutia hivyo. Ndefu, fupi. Maana yake, mimi nipo, wewe upo? Kuvuta mfululizo bila kuacha kulikuwa na maana moja tu, toka hapo ulipo.

Mteja wetu siku hiyo alikuwa Mzee Kabiru wa Kitisuru, mstaafu wa mambo ya simu serikalini, anayekaa kwenye shamba aliloachiwa na baba yake huku majirani wote ni watu wenye kuta ndefu na mbwa wakali. Mnara wake kipande cha juu kilikuwa kimepinda. Alituambia tawi la mti liliangukia antena wakati wa mvua za masika. Alitaka tukishushe na kuweka kipya kabla ya Jumamosi, maana watu wa redio huwa na mashindano yao, kuona nani atawapata wengi zaidi duniani kwa siku mbili, na yeye hakutaka kuyakosa. Ndung'u akamwambia basi Jumamosi wote wawili wana harusi. Mzee hakucheka.

Siku yenyewe haikutulia tangu asubuhi, na mimi mwenyewe sikutulia. Tulikuwa na kazi ndogo Hurlingham, ikachelewa. Tukashuka mjini barabara ya Kirinyaga kutafuta bolti, tukakosa za saizi ile, tukapata duka la nne. Simu ya Ndung'u haikunyamaza, kamati ya harusi inataka kujua hili, shangazi anataka kujua lile. Tulipofika Kitisuru jioni ilikuwa imekaribia, ile jioni ya Julai ya baridi na manyunyu, na Mzee Kabiru anazunguka mnara wake huku na huku akitazama saa. Nilimshauri tuache mpaka kesho. Akasema kesho kuna hiki na kile. Ndung'u naye akasema, "Mombasa, kesho mchana mimi niko na watu wa suti. Panda tu, tulegeze leo, kesho asubuhi tuishushe." Nikaona si vibaya. Nilipanda ili nifunge kapi na kutazama bolti, niongeze grisi zilainike usiku kucha. Sikupanda kutoa kitu.

Nilifika kwenye kiungo cha mwisho. Nikafunga kulabu chini yake. Niliipiga kofi, nikajibu mwenyewe, "Chini," kwa kuwa Ndung'u alikuwa mbali asingeweza kuniuliza. Hili nalisema mbele ya Mungu. Niliipiga, na chuma kikalia.

Nikafunga kapi. Ndung'u alikuwa chini amekaa juu ya debe lililogeuzwa, amevaa lile koti lake la mvua la manjano, kamba mkono mmoja na simu mkono wa pili. Nikamwona mpaka ukungu ulipoingia. Kitisuru kuna bonde, na ukungu wa Julai hutoka huko chini ukapanda polepole. Ulifunika sukuma, ukafunika Ndung'u, ukafunika nyumba. Wakati huo huo umeme ukapotea na jenereta la jirani likaanza kunguruma, nikajua hapa hata nikipiga kelele sitasikika. Nikabaki mimi na kipande cha chuma mbele ya uso wangu.

Ndipo nikahisi mnara unapandwa.

Ukikaa na kazi hii unajua. Upepo hutikisa mnara kwa namna yake, na mtu anayepanda huutikisa kwa namna yake, hatua kwa hatua, unaihisi kwenye nyayo. Ilikuwa hatua ya mtu mzito. Nikajua ni Ndung'u amechoka kukaa, na hasira zikanipanda, kwa sababu nilimkumbuka mama yake. Nikaliona koti la manjano likitoka kwenye ukungu, likapita ubavuni mwangu upande wa pili wa mnara, kofia imeshushwa, likapanda mpaka juu ya kiungo.

Nikamwambia, "Ndung'u, shuka. Nimemwahidi mama yako."

"Wacha maneno, Mombasa," akasema. "Tumalize hii kitu twende."

Sauti ilikuwa yake. Hakuna mtu Nairobi nzima aliyekuwa ananiita Mombasa kwa kuvuta ile a ya mwisho isipokuwa yeye. Akatoa spana akaanza bolti. Nikaona bolti za zamani zile, zilizokaa mvua na jua, zinamtoka kama anafungua soda. Hilo lingetosha kunitia wasiwasi, si ndiyo? Lakini mimi nilikuwa nafikiria ahadi yangu na hasira yangu, na desturi ikanitoka mdomoni yenyewe.

"Mkanda?"

"Chini," akajibu.

Hakugusa.

Sikuelewa mara moja. Masikio yangu yalikuwa yanangoja chuma kilie na hakikulia. Nikainua macho kutazama kulabu yake. Ilikuwa juu ya kiungo, imefungwa kwenye kile kipande kilichopinda, na yeye mwenyewe ameegemea nyuma na uzito wake wote, anatoa bolti.

Nilimwona Ndung'u amekufa. Nilimwona mama yake mlangoni na suti kitandani. Nikamwambia kwamba mkanda wake uko juu, aache spana, asisogee. Akaacha. Akasema kwa ile sauti yake ya kujidekeza, "Mkono yangu imekwama hapa. Kuja unishike."

Ungefanya nini wewe? Kumfikia ilibidi nipande kiungo, nifungue kulabu yangu, niifunge huko juu alipo yeye, ili niwe na mikono miwili ya kumshika. Bolti zilizobaki zilikuwa chache mno kubeba watu wawili, na nililijua hilo, na nilikuwa naenda. Nilikwisha kuinua mguu.

Kamba ikavutwa.

Ndefu. Fupi.

Niliganda na mguu hewani. Nikajiambia ni Mzee Kabiru, na yeye anazijua zile herufi, pengine anatania. Nikaushusha mguu, nikaishika kamba, nikavuta hivyo hivyo kwenda chini. Ndefu, fupi. Ikanirudia papo hapo, tena na lile vuta la tatu dogo la bila maana ambalo Ndung'u huongeza akiwa hana subira, kama mtu anayesukuma mlango uliokwisha kufunguka. Hilo halikuwa kwenye herufi yoyote. Lilikuwa lake tu. Ndung'u alikuwa chini, amekaa juu ya debe lake.

Basi huyu juu yangu ni nani?

Nilitaka kusoma, na mimi nazijua sura za kusoma mahali pa hofu, lakini hakuna hata moja iliyokuja. Kilichokuja ni kazi. Nikamwambia, "Gusa. Gusa nisikie."

Jenereta linanguruma, manyunyu yanaanguka, na lile koti la manjano halisogei. Kisha akasema, na sasa haikuwa sauti ya Ndung'u. Ilikuwa ya mtu mzima, aliyechoka, nisiyemjua.

"Gusa yako kwanza."

Nikapeleka mkono chini ya kiungo pale nilipoifunga kulabu yangu, bila kutazama, kama ninavyofanya siku zote. Kiganja kikapiga chuma kitupu. Nikatazama. Hapakuwa na kulabu. Nikafuata mkanda wangu kwa macho kutoka kiunoni, nikaona unapanda, unapita kiungo, na kulabu yangu imefungwa kwenye kipande kilichopinda, imelala ubavuni mwa kulabu yake.

Sikuiweka mimi. Najua utakavyosema, na nimeshajisemea mwenyewe usiku mwingi kuliko utakavyoweza kunisemea. Sikuiweka mimi.

Bolti ilikuwa imebaki moja.

"Mimi hakuna aliyeniuliza," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuambia kwamba siku hiyo hakubakishiwa chakula. Halafu mkono wake ukaenda kwenye ile bolti ya mwisho.

Nilikuwa nimekumbatia mnara kwa mkono mmoja, na mkono wa kutumia ulikuwa mmoja. Kulabu yangu ilikuwa huko juu. Kamba ilikuwa hapa, na mwisho wa kamba alikuwa amekaa Ndung'u, chini kabisa ya kipande kile na antena yake yote na mikono yake ya chuma. Sijisifu. Sikupima. Labda ile ahadi ndiyo iliyopima. Niliishika kamba nikaivuta mfululizo, nikaivuta, nikaivuta, mpaka nikahisi imelegea, maana yake ameiachia, maana yake anakimbia.

Ndipo nikaenda kwenye kulabu. Vidole vilikuwa vimekufa baridi, ikanishinda mara ya kwanza, ikanishinda mara ya pili. Uso wake ulikuwa karibu na wangu ndani ya kofia, na sikuutazama. Nashukuru kwamba sikuutazama. Kulabu ikafunguka. Nikaishusha, nikaifunga chini ya kiungo, nikaipiga kofi, na kwa sauti ambayo sikujua ninayo nikasema, "Chini."

Chuma kililia. Baada ya hapo ndipo bolti ilipotoka. Elewa hilo, maana mimi limenichukua miaka. Alikuwa na mkono wake juu ya ile bolti muda wote niliokuwa nahangaika, na bolti zile zilikuwa zinamtoka kama soda. Alingoja.

Kipande kiliinama polepole, na yeye akaenda nacho, ameegemea nyuma vile vile, koti la manjano likaingia kwenye ukungu. Nilisikia chuma kikipiga ardhi. Kishindo cha mtu sikukisikia.

Kushuka kwangu sikukumbuki. Namkumbuka Ndung'u karibu na ukuta wa nyumba, amevaa koti lake, ana tope mpaka magotini, amenishika mabega ananiuliza nimefanya nini, mbona nimeachia kitu bila kukifunga kamba. Nyuma yake kipande kilikuwa kimelala katikati ya sukuma, antena imejikunja, na lile debe lilikuwa bapa kama sahani. Alipoliona debe aliacha kuuliza. Akakaa chini kwenye matope, simu mkononi, na kwenye simu kulikuwa bado na mtu anaongea habari za keki.

Mfuko wangu wa kazi ulikuwa mzito. Nikauingiza mkono. Bolti zote za kiungo kile zilikuwa humo, zimelowa, isipokuwa moja. Mimi nilipanda na mfuko wenye grisi na spana tu. Niliwaonyesha wote wawili na hakuna aliyetaka kuzigusa.

Mzee Kabiru alitutoa pale nje, akatuingiza ndani akatupa chai. Aliuliza swali moja, kama koti lilikuwa la manjano. Nikamwambia ndiyo. Akazungusha kikombe, kisha akasema hapakuwa na tawi lolote. Kipande kile alikinunua kikiwa kimetumika, kutoka kwa mtu wa redio wa Lavington aliyekuwa anahama nchi na kuuza vitu vyake. Fundi wa yule mtu alianguka nacho akikitoa, peke yake, hakuna aliyekuwa naye juu wala chini. Kikapinda kwa uzito wake. "Niliinyoosha," Mzee akasema. "Kila mwaka mimi huinyoosha, na Julai inarudi vile ilikuwa."

Nilimkasirikia? Nilimkasirikia sana. Nilimwambia angetuambia. Akasema angetuambia tusingepanda, na hapo alisema kweli.

Harusi ilifanyika. Nilikaa viti vya nyuma, kanisa zima linaimba, na mama yake Ndung'u akaja kunishika mkono akaniambia ahsante mwanangu, umetimiza. Nililia mbele za watu, wakadhani ni furaha, na furaha kweli ilikuwemo. Ndung'u leo ana watoto na kampuni yake ya kufunga antena za intaneti. Ukimuuliza habari za Kitisuru atakuambia chuma kilikuwa na kutu. Lakini mafundi wake wote wanajua wakijibu "Chini" bila kupiga kulabu, siku hiyo hawana kazi.

Mimi nilirudi Kitisuru wiki iliyofuata kukichukua kile kipande. Nilitaka nikikate kwa msumeno, nikifukie. Mzee aliniambia amekitoa, ameliita gari la vyuma chakavu la Kangemi, hakutaka kilale kwake usiku mwingine. Nikaenda Kangemi. Mwenye chuma chakavu akakikumbuka vizuri, chenye rangi ya kijani iliyobanduka, kimepinda karibu na juu. Alikwisha kukiuza. Mtu alikitaka cha kuinulia kitu juu ya paa. Antena ya tivii, au taa, au tangi la maji, hakuuliza. Na alimwuzia mtu gani? Mtu tu.

Basi toka siku hiyo sijatulia. Natembea Nairobi shingo juu. Nimegongana na watu barabara ya Moi mpaka nimetukanwa kwa lugha tatu. Nikipita Kawangware, nikipita Uthiru, Kabete, natazama mapaa yote, kila mlingoti, kila kijiti cha chuma kilichoshika waya, natafuta rangi ya kijani na mpindo karibu na juu. Mke wangu aliniambia nikiwa usingizini najipiga nyongani. Anauliza natafuta nini, namwambia funguo.

Wewe unayenisikiliza, toka nje ukatazame paa lako. Hasa ikiwa ulinunua chuma kilichotumika, na hasa ikiwa Julai kinapinda na hujui kwa nini. Usimpeleke fundi wako juu peke yake. Na ukipanda mwenyewe, picha imegoma na mpira unachezwa, ukasikia mtu anakuuliza mkanda wako uko wapi, usimjibu kwa mdomo. Gusa. Na kabla hujashuka, umuulize na yeye.

Hiyo ndiyo sababu ninakitafuta kile kipande, kama unataka kujua. Zamani nilitaka kukikata. Siku hizi nataka nikipate tu, nipande pembeni yake kukiwa bado na mwanga, nimuulize kwa sauti mkanda wake uko wapi, na ningoje hapo mpaka nisikie chuma kimelia.